Bunduki ya Mwindaji na Rangi ya Kujificha

Mazungumzo ya mwalimu wa chuo cha ualimu, mwenyeji wa Buzebazeba, Ujiji



Jioni ya leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya kazi ndogo ambayo vijana wengi wa kwetu Buzebazeba wameniuliza habari zake, yaani jinsi ya kuipaka rangi bunduki ya kuwindia ili isionekane na wanyama porini. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu, wala si kuwinda. Lakini nililelewa katika nyumba yenye bunduki, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi katika kuchora, niliipaka rangi bunduki ya mjomba wangu nilipokuwa na umri wa miaka 16. Kazi ile nilifaulu kupita kiasi, na kufaulu kwangu kulikaribia kuleta msiba katika nyumba ya watu. Habari hiyo nitaieleza mbele. Kwanza nitaeleza kazi yenyewe, maana mwalimu anayetanguliza hatari kabla ya somo huwaacha wanafunzi wake na hofu bila ya maarifa.

Kabla ya yote yafaa tuelewane. Nasema na yule aliye na haki ya kushika bunduki, ambaye bunduki yake imeandikishwa kwa namba yake kama inavyotakiwa na sheria ya silaha ya mwaka 2015, na ambaye anakwenda kuwinda kwa leseni, mahali paliporuhusiwa na katika majira yaliyoruhusiwa, kama inavyotakiwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Asiyekuwa na hayo, rangi haitamfaa kitu. Wala hapana ruhusa ya mwindaji yeyote kuingia katika Hifadhi ya Gombe, iliyowekwa mwaka 1968, wala katika Hifadhi ya Mahale, iliyowekwa mwaka 1985. Na hata mwenye haki zote, kabla hajagusa brashi, na aende kituo cha polisi alikoandikisha silaha yake aulize. Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima.

Basi tuanze na swali ambalo watu wengi hawalifikirii: je, mnyama huona nini?

Sisi wanadamu tuna ndani ya macho yetu aina 3 za chembe zinazopokea rangi. Kwa hizo twatambua wekundu wa embe lililoiva katikati ya majani ya kijani. Pongo, swala na nyati wana aina 2 tu. Kwao nyekundu na kijani hazipishani sana. Embe lile wangeliona kwa umbo lake, lisingewaka machoni mwao kama linavyowaka machoni mwetu. Ndege, kwa upande wao, wametuzidi: wana aina 4, na wengi huona hata mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Kwa hiyo mtu anayemwinda pongo na mtu anayemwinda kanga wana kazi mbili zilizo mbali mbali. Yule wa kwanza anadanganya macho yenye upungufu wa rangi. Yule wa pili anadanganya macho yaliyo makali kuliko yake mwenyewe.

Lakini wanyama wote hawa wana jambo moja la shirika. Kinachowashtua kwanza aghalabu si rangi. Ni mambo manne: mng'ao, mstari ulionyoka, kivuli, na mwendo.

Mng'ao ndio adui mkubwa. Mtutu wa bunduki uliosuguliwa kwa mafuta hupokea jua na kulirudisha kama kioo, na kimulimuli kile huonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mstari ulionyoka ni adui wa pili, kwani porini vitu vilivyonyoka kama rula ni vichache. Tawi lina kifundo, ubua wa nyasi umepinda, mzizi una kona. Mtutu wa bunduki peke yake ndio umenyoka tangu mwanzo hata mwisho. Kivuli ni adui wa tatu, nami nitakieleza kwa mfano wa samaki. Na mwendo ni adui wa nne, ambaye hapana rangi duniani iwezayo kumshinda. Mwindaji asiyeweza kutulia, hata akipakwa rangi mwili mzima, kanga watamcheka.

Sasa mfano wa samaki. Nendeni asubuhi pale Kibirizi, mashua zinaporudi kutoka ziwani, mkamtazame mgebuka akiwa bado mbichi. Mgongo wake una weusi, ubavu wake unang'aa kama fedha, na tumbo lake ni jeupe. Kwa nini? Jua hutoka juu. Kitu chochote chenye rangi moja kikipigwa na jua, upande wa juu huonekana mweupe zaidi na upande wa chini huingia kivuli, na kwa kivuli kile jicho hutambua kwamba hapo pana kitu kizima chenye mviringo. Mgebuka amegeuza jambo hilo: palipo na mwanga mwingi pana weusi, na palipo na kivuli pana weupe. Hivyo kivuli chake kinafutika, naye anaonekana kama maji juu ya maji. Mchoraji mmoja Mmarekani, Abbott Thayer, aliieleza kanuni hiyo katika maandishi yake mwaka 1896, naye akawafundisha wataalamu wa wanyama jambo ambalo wachoraji walikuwa wamekwisha kulijua kwa mikono yao.

Kanuni nyingine hutoka kwa chui na chatu. Mabaka yao hayafanani na jani lolote. Kazi yake ni kukata umbo vipande vipande, hata jicho likose kujua mnyama anaanzia wapi na kuishia wapi. Mtaalamu Mwingereza, Hugh Cott, aliandika kitabu kikubwa juu ya mambo hayo mwaka 1940, na katika vita vya pili vya dunia aliwafundisha askari kuyatumia. Wafaransa walikuwa wamekwisha kutangulia katika vita vya kwanza: mwaka 1915 walikusanya wachoraji wakaunda kikosi maalumu cha kuficha mizinga na askari. Na kabla ya hao Waingereza katika Uhindi walikuwa wameanza kuacha nguo zao nyekundu na nyeupe, wakavaa kaki, neno ambalo asili yake ni vumbi. Kwa hiyo mwindaji wa Ujiji anayechovya brashi yake katika kopo la rangi anashika kazi iliyofikiriwa na watu wengi kabla yake.

Je, rangi ipi ipakwe? Hapa vijana wengi hukosea, maana hudhani kwamba pori ni kijani. Tazameni vilima vya kwetu katika mwaka mmoja. Mvua zikinyesha, ndiyo, nchi ni ya kijani. Lakini kuanzia mwezi wa Juni nyasi hukauka, zikawa na rangi ya mkeka mkuukuu. Mwezi wa Julai na Agosti moto hupita, na mahali pengi ardhi ni masizi matupu. Kisha, kabla mvua hazijarudi, miombo huchipua majani mapya, na majani yale ya kwanza si ya kijani, ila ni mekundu kama shaba. Mtu aliyeipaka bunduki yake kijani kibichi amejificha kwa miezi michache, na miezi iliyobaki amebeba mgomba katika nchi ya nyasi kavu.

Kwa hiyo mimi nashauri rangi tatu zilizofifia, wala isiwepo hata moja inayong'aa: ya kwanza rangi ya nyasi kavu, ya pili kahawia ya udongo, na ya tatu kijivu cheusi kama jivu lililochanganyika na masizi. Hizo hufaa karibu mwaka mzima. Wala msipake madoadoa yanayofanana na vazi la askari. Mnajua kwamba mavazi hayo ni ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mwaka 2023 Jeshi lilitoa siku 7 ili raia wenye mavazi yake, au yanayofanana nayo, wayasalimishe. Sisi tunakaa karibu na mipaka. Jirani zetu wengi walivuka ziwa na mito wakikimbia watu wenye bunduki. Mama wa aina hiyo akikutana njiani na mtu ambaye silaha yake ina madoadoa ya vita, hatauliza kama unatafuta kanga.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Ifungue, tazama kwa macho, kisha tia kidole uguse. Mpe na mtu wa pili aangalie. Risasi zenyewe ziwekwe katika chumba kingine na mlango ufungwe. Wapo watu waliouawa majumbani na bunduki iliyosemwa kuwa ni tupu.

Hatua ya pili ni kuondoa kutu na mafuta. Kutu ikipakwa rangi juu yake haifi. Huendelea kula chuma chini kwa chini, na siku rangi itakapobanduka utakuta shimo. Isugueni kwa msasa laini au kwa chuma cha kusugulia masufuria, taratibu, bila ya kukwaruza. Kisha futeni kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, mara mbili au tatu, hata kitambaa kitoke safi. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na mbali na sigara. Baada ya hapo msiiguse kwa mikono mitupu, maana jasho la vidole lina chumvi na mafuta, nayo rangi haishiki juu yake.

Hatua ya tatu ni kufunika yale yasiyopakwa. Namba ya bunduki isiguswe kamwe. Ifunikeni kwa utepe wa gundi, na rangi ikikauka mwuondoe utepe huo ili namba isomeke waziwazi. Namba ile ndiyo jina la bunduki yako mbele ya serikali, na bunduki iliyofutwa jina humtia mwenyewe mashakani. Kadhalika funikeni kifyatulio, kufuli ya usalama, bawaba pale bunduki inapofunguka, na kile kinundu cha mbele cha kulengea. Rangi ikiingia katika vitu vinavyokwenda, vitakwama, nawe utajua siku ambayo hukutaka kujua.

Mdomo wa mtutu uzibwe kwa kitambaa ili rangi isiingie ndani. Lakini sikilizeni vema: kitambaa hicho kiwe kirefu, na ncha yake ining'inie nje kiasi cha mkono mzima, tena kiwe cheupe. Akisahau mtu kukitoa, akapiga risasi, pumzi ya baruti itakosa njia na mtutu waweza kupasuka mkononi mwake. Kitambaa kirefu cheupe hakisahauliki.

Hatua ya nne ni rangi ya chini. Chukueni rangi ya nyasi kavu, isiyong'aa, mpake tabaka jembamba. Likikauka mpake la pili. Tabaka mbili nyembamba ni imara kuliko moja nene, kwani nene hutiririka, hukauka juu tu, na hubanduka kama ganda la kidonda.

Hatua ya tano ni mabaka. Hapa huhitaji brashi ya bei kubwa. Kata kipande cha dodoki, lile la kuogea, ulichovye kidogo katika rangi ya kahawia, upunguze kwa kuligusisha kwenye gazeti, kisha uligonge-gonge juu ya bunduki. Nyuzi za dodoki huacha alama za nyasi ambazo mkono wa mchoraji hauwezi kuziiga. Mabaka yapite kukata mtutu mshazari, yasifuate urefu wake, maana nia yetu ni kuuvunja ule mstari ulionyoka. Kisha malizieni kwa kijivu cheusi, mkikumbuka mgebuka: weusi uwe juu ya mtutu, na chini muache rangi ya nyasi kavu ionekane.

Hatua ya sita ni subira. Rangi mbichi ina harufu, na pongo ambaye hakukuona kwa macho atakupata kwa pua. Itundikeni bunduki mahali pakavu penye hewa, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, muda wa wiki mbili au zaidi, hata mkinusa msisikie kitu.

Na yale yasiyopakwa rangi, hasa ndani ya mtutu na katika bawaba, yapakwe mafuta. Kwa nguvu ya mafuta tunao ushahidi mkubwa katika ziwa letu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zile zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo wazee wetu wote wanalijua. Ikiwa grisi iliilinda injini chini ya ziwa, tone la mafuta litailinda bunduki yako masika moja.

Kwa yule anayechelea kuiharibu bunduki yake, ipo njia nyepesi zaidi. Achukue vipande vyembamba vya gunia, vyenye upana wa vidole viwili, avizungushe juu ya mtutu na mbao ya mbele, avifunge kwa uzi. Gunia halina mng'ao, lina rangi ya nyasi, na nyuzi zake zilizofumuka huvunja ule mstari kuliko rangi yoyote. Majira yakibadilika, hubadilisha vitambaa. Ila akumbuke kuvifungua kila jioni, maana gunia lililolowa umande hukaa na maji, na maji huzaa kutu.

Wasikilizaji, kazi imekwisha elezwa, nanyi mwaweza kudhani kwamba somo nalo limekwisha. Bado hatua moja, nayo ndiyo iliyonileta hapa.

Nilisema kwamba niliipaka rangi bunduki ya mjomba. Ilikuwa bunduki ya marisaa yenye mtutu mmoja. Nilikuwa nimerudi likizo ya mwezi wa Agosti, nami nikafanya kazi siku nyingi chini ya mwembe wa uani, kwa dodoki na makopo matatu. Ilipokauka tuliilaza kando ya ua wa matete ili tuitazame, na kuku wakapita juu yake wakichakura. Majirani waliitwa waje waitafute, nao walicheka kweli kweli. Mimi nilijaa fahari. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, umeificha. Sasa ni nani atakayenionyesha mimi ilipo?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa mzee.

Mwisho wa likizo tulikwenda naye katika bonde la mto Luiche kutafuta kanga. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Alimpiga kanga mmoja, akatia risasi nyingine, akampiga wa pili ambaye hakufa, akatia risasi ya tatu. Yule aliyejeruhiwa akakimbilia katika matete. Mjomba hakupenda kumwacha mnyama na jeraha. Akailaza bunduki juu ya nyasi, akamfuata, nami nikamfuata mjomba. Tulimpata baada ya kitambo kidogo. Tuliporudi, bunduki haikuwapo.

Nasema haikuwapo, lakini ilikuwapo. Tulisimama mahali pale pale, au tulidhani ndipo pale, na tuliona nyasi tu. Tulipiga magoti tukapapasa kwa mikono, polepole, maana tuliogopa kuikanyaga. Ilikuwa na risasi ndani. Jua likazama. Hatukuwa na taa. Mjomba alivunja matawi akaweka alama katika miti mitatu, tukarudi nyumbani bila ya kusemezana. Usiku ule ule alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa polisi akaeleza jambo lote. Wale kanga walilala jikoni bila ya kunyonyolewa, hapana aliyewataka.

Alfajiri tulirudi watu sita. Lakini wako waliotutangulia, kwani bonde lile huendewa na akina mama na watoto kutafuta kuni. Tulipofika penye miti yenye alama tuliwaona wametawanyika, na mbele yetu, kama hatua ishirini, alisimama mtoto wa kike mwenye umri wa miaka saba hivi. Alikuwa ameshika kwa mikono yote miwili kitu kama tawi kavu lililonaswa katika utambaazi, naye alikuwa akilivuta kwake, ncha imeelekea kifuani mwake.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Mjomba alinishika mkono akaniminya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji, "Bibi, hujambo? Kiache hicho kijiti. Kiache polepole, kisha ukae chini hapo hapo."

Mtoto alimtazama, akakiacha, akakaa.

Mjomba alizunguka kwa nyuma, akapiga magoti. Shina la utambaazi, nene kama kamba ya mashua, lilikuwa limepita ndani ya duara la kifyatulio. Alilikata kwa kisu, akaifungua bunduki, akatoa risasi akaitia mfukoni. Mikono yake, ambayo sikupata kuiona ikitetemeka, ilitetemeka. Yule mtoto akamwuliza, "Babu, kumbe si kuni?"

Njiani mjomba aliniambia hivi: "Kosa la kwanza ni langu, maana bunduki yenye risasi hailazwi chini hata kwa dakika moja. Kosa la pili ni letu sote wawili. Tulitaka kanga asiione. Hatukuuliza nani mwingine asingeiona." Wale kanga wawili walipelekwa nyumbani kwa yule mtoto siku ile ile. Na jioni mjomba alinipa msasa, akanionyesha mwembe, nami nikajua la kufanya bila ya kuambiwa.

Hakuitaka rangi yote iondoke. Mtutu aliuacha, kwa kuwa mng'ao wake ulikuwa umekufa vizuri. Lakini kitako alitaka kirudi mbao tupu, nacho akakifunga kitambaa chekundu, kipana kama kiganja, kimeshonwa kisianguke. Nami miaka mingi baadaye, niliposoma habari za macho ya wanyama, nilistaajabu kwa akili yake. Maana wekundu ule, unaowaka machoni mwa kila mtu, kwa pongo si kitu. Na kanga, ambaye angeweza kuuona, hauoni, kwani mwindaji anapolenga kitako kimekaa begani mwake na kufichwa na mkono wake. Ni pale tu bunduki inapolazwa chini, au inapobebwa njiani, ndipo wekundu unapotoka na kusema: hapa pana bunduki.

Huko Marekani mambo ni hayo hayo. Katika majimbo mengi sheria humlazimisha mwindaji wa paa kuvaa nguo ya rangi ya chungwa kali, ili wawindaji wenzake wasimpige wakidhani ni mnyama, nao paa hawashtushwi na rangi ile. Mnyama hudanganywa na mwanadamu huonywa, kwa wakati mmoja na kwa rangi moja.

Basi hatua ya saba, ambayo hairukwi, ni hii: ukimaliza kuificha bunduki yako kwa mnyama, idhihirishe kwa mwanadamu. Weka kitambaa chekundu katika kitako chake, namba yake isomeke, na usiilaze chini ikiwa na risasi. Kisha ifanyie mtihani kabla hujaenda porini: ikiwa tupu, ilaze katika nyasi za uani, uwaite watu wa nyumbani mwako waitafute. Wakiiona mara moja kwa ule wekundu, umefaulu. Wakiitafuta na kucheka, kama walivyocheka majirani zetu siku ile chini ya mwembe, chukua msasa uanze tena.

Mwindaji ana haki ya kumficha mnyama silaha yake. Jirani yake, na mke wa jirani yake, na mtoto anayetafuta kuni, wana haki ya kuiona.